Uzoefu: Hakuna. Risala ya Vijana wa Mikataba Mifupi Migodini

Kwa: Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi na Ajira
Kupitia: Ofisi za Kazi, Shinyanga na Geita
Nakala: Bodi ya Mishahara ya Sekta Binafsi, Wakuu wa Mikoa ya Shinyanga na Geita, vyama vya wafanyakazi wa migodini

Kahama, Agosti 2025

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni vijana tunaofanya kazi ndani ya uzio wa migodi ya ukanda huu, kutoka Kishapu na Kahama hadi Msalala, Mbogwe na Geita. Tunashika spana, tunaosha mitambo, tunapika, tunalinda, tunabeba sampuli za mawe, tunasimama na bendera magari makubwa yanapopishana. Kazi zetu ni za mgodini, ila karibu sote hatujaajiriwa na mgodi. Tumeajiriwa na kampuni za huduma zilizopewa zabuni, kwa mikataba ya miezi sita au pungufu.

Tumekutana Jumapili tatu chini ya mwembe mmoja mtaa wa Malunga, tukasomeana hati zetu za mshahara kwa sauti. Jumapili ya kwanza watu walizikunja viganjani, kila mmoja akidhani yake ndiyo ndogo kuliko zote. Jumapili ya tatu tulizipanga kwenye mkeka, tukaweka kokoto juu zisipeperuke. Niliyeshika kalamu ni msaidizi wa fundi mitambo. Nina cheti cha VETA, na nimekaa kazini muda mrefu kuliko wenzangu wengi. Nimeruhusiwa kutumia hati yangu kama mfano ili isidhaniwe tunasema kwa kukisia.

Mshahara wangu ni shilingi 270,000 kwa mwezi. Mchango wa NSSF ni asilimia 10, yaani 27,000, na hatuulalamikii kwa kuwa ni akiba yetu. Kodi ya mapato ni sifuri, maana baada ya mchango huo inabaki 243,000 na kodi huanza kukatwa juu ya 270,000. Hapo Serikali yenyewe imekiri kwamba kipato changu ni kidogo mno kuguswa. Lakini miezi miwili ya kwanza kampuni ilinikata 65,000 za buti la usalama, nusu kwa nusu. Hilo tutalirudia.

Chumba changu ni kimoja, bati bila dari, choo cha pamoja, 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita mbele. Maana yake ni kwamba siku ya kuanza kazi, kabla sijaona mshahara hata mmoja, nilidaiwa 300,000, na mshahara wenyewe haufiki hapo. Nyumbani walichanga 100,000. Zilizobaki nilizipata kwa wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu. Nilichukua 200,000, nikarudisha 260,000 ndani ya mwezi mmoja, na ili nirudishe nilikopa kwingine. Kijana anayeingia kazini hivi hayuko mwezi wa kwanza wa maisha yake mapya. Yuko mwezi wa nne wa deni.

Mgodini tunapewa mlo mmoja wa zamu, na tunashukuru. Milo mingine miwili kwa mama lishe, kwa kujibana, ni 3,000 kwa siku, yaani 90,000 kwa mwezi. Gari la zamu linapita barabara kuu saa kumi na robo alfajiri, na kutoka Malunga gizani hakuna atembeaye peke yake. Bodaboda 1,000 kwa siku 26 ni 26,000. Umeme wa kuchangia, maji na sabuni ni 15,000. Bando ni 10,000, nalo usilihesabu kuwa starehe, kwa sababu ratiba ya zamu inatumwa kwa WhatsApp usiku, na asiyeiona akakosa gari huandikiwa mtoro. Mayu, mama yangu, yuko kijijini Kishapu na wadogo zangu wawili wa shule. Yeye hupata 40,000. Jumlisha na kodi ya chumba, inakuja 231,000. Inabaki 12,000. Homa moja yenye vipimo na dawa inaila yote na kuacha deni dukani kwa Mangi.

Mwenzetu mwingine ni mhitimu wa chuo kikuu. Anakusanya sampuli, anaziandika namba, anazipeleka maabara. Yeye analipwa 400,000, na wengi wetu tulipoisikia tuliguna kwa husuda. Kisha akatusomea makato. NSSF 40,000. Kodi 7,200. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 60,000. Anapokea 292,800. Amesoma miaka mitatu zaidi yangu, na tofauti yetu mkononi haifiki 50,000. Alipomaliza kusoma aliikunja hati yake polepole mara nne, akaiweka mfukoni, na siku hiyo hakusema tena.

Tunajua swali linalokuja, kwa sababu hata wazazi wetu wanatuuliza: kama haitoshi, kwa nini msiache?

Tumelipima. Ukanda huu haujawahi kukosa njia ya pili. Kuna duara, shimo la wachimbaji wadogo. Ukienda Nyarugusu, Rwamgasa, Mwakitolyo au Mwime hutaulizwa cheti. Unaposhwa, unazama, na mawe yakitoka mnagawana mifuko na mwenye duara na mwenye leseni. Mmoja wetu aliacha kazi mwaka jana akaenda. Mwezi wa kwanza alipata 1,400,000 akatununulia soda sote. Miezi mitatu iliyofuata hakupata hata mfuko wa kupeleka karasha, akarudi kwenye foleni ya geti. Huyo alirudi mzima. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, watu walifukiwa wakakaa chini ya ardhi siku 41 kabla ya kutolewa. Na tarehe 11 mwezi huu, mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, umewafunika watu 25. Tunapoandika haya, kazi ya kuwatafuta bado inaendelea, na baadhi yetu tuna ndugu wanaokesha pale. Mtu asituambie duara ndilo jibu la mshahara mdogo. Bodaboda nazo zimejaa kila njiapanda, na asiye na yake hudaiwa hesabu na tajiri kila jioni, awe amepata abiria au hakupata. Mpunga tunalima, wa majaruba, na mvua ndiyo huamua.

Kwa hiyo tumebaki, na hatubaki kwa ujinga. Tumebaki kwa sababu kazi ya mgodini ina kitu ambacho duara halina: ina ngazi. Msaidizi anakuwa fundi, fundi anakuwa msimamizi. Anayeosha mtambo leo anaweza kufundishwa kuuendesha kesho. Kijana yeyote mwenye akili yuko tayari kulala na njaa miaka miwili akijua mwaka wa tatu atakula. Baba zetu walianza hivyo mgodini Mwadui, na wengine walistaafu wakiwa mafundi wanaojulikana mkoa mzima.

Mheshimiwa Waziri, ngazi hiyo ndiyo tuliyonyimwa, na hapa ndipo tunaomba utusikilize zaidi ya penginepo pote.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miezi mitano na siku 25. Sikujua kwa nini hizo siku tano zimekatwa. Siku ya mwisho nilifika getini, nikaweka kadi, taa ikawaka nyekundu. Mlinzi, ambaye naye ni wa mkataba kama wangu, akaniambia kwa upole nipishe wengine wapite. Nilikaa mtaani wiki tatu. Kisha nikapigiwa simu niende kusaini. Msimamizi alikuwa yuleyule, kontena lilelile, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya kilekile. Kilichobadilika ni jina la kampuni kwenye muhuri. Kwenye fomu mpya palikuwa na mstari wa cheo, umeshaandikwa: Msaidizi. Chini yake mstari wa uzoefu, nao umeshaandikwa kwa mashine: Hakuna.

Nimesaini fomu ya namna hiyo mara nne. Nimekaa kwenye karakana hiyo miezi 22, nimewafundisha vijana watatu kubadili pampu ya haidroli, na kila mara karatasi inasema uzoefu hakuna.

Baadaye tulielezwa siri ya zile siku tano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa isivyo haki akishatimiza miezi sita kwa mwajiri. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka ni cha aliyetimiza miezi 12 mfululizo. Anayekatiwa mkataba siku tano kabla, na anayebadilishiwa jina la mwajiri kila baada ya muda, hafiki kwenye mlango wowote kati ya hiyo. Ulinzi upo kwenye kitabu na sisi tunazungushwa nje yake. Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni za mawakala wa ajira, ikasema kazi ya wakala ni kumkutanisha mtafuta kazi na mwajiri, asijifanye yeye ndiye mwajiri na kumkodisha mtu. Tulifurahi kusikia hivyo. Lakini ofisi tulizoajiriwa nazo hazijiiti tena mawakala. Zinajiita wakandarasi wa huduma, na kazi ni ileile.

Lalamiko letu la pili linahusu Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023. Kwa mwajiri mwenye leseni ya uchimbaji, amri hiyo iliweka kima cha chini cha 500,000. Kwa biashara na viwanda iliweka 150,000. Kwa kampuni ndogo za ulinzi iliweka 148,000. Angalia basi inavyotokea getini saa kumi na moja alfajiri. Watu 60 wanashuka kwenye gari moja, wanavaa kofia ngumu za rangi moja, wanapulizia kipimo kimoja cha ulevi, wanavuta vumbi moja, na baruti ikilipuka wanakimbilia eneo moja la usalama. Lakini wa kiti cha mbele analindwa na kima cha 500,000, na wa kiti cha nyuma na kima cha 150,000, kwa kuwa karatasi yake inasema yeye ni wa biashara. Vumbi halisomi mkataba. Mwajiri wangu hajavunja kima hicho; ananilipa juu yake na analitaja hilo kila tunapouliza.

Hata hivyo hatumlaumu mkandarasi peke yake, maana tumejifunza zabuni inavyopatikana. Wanapewa wenye bei ya chini. Dizeli ina bei moja kwa wote, gari lina bei moja, vipuri vina bei moja. Kitu pekee ambacho mshindani anaweza kukipunguza ili ashinde ni sisi. Mgodi unaopokea bei hiyo unajua imetoka wapi.

Na fedha ipo. Amri ile ilipoanza kutumika, wakia moja ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 2,000. Machi mwaka huu imevuka dola 3,000, na haijarudi chini tangu Aprili. Wakia ni gramu 31, unaweza kuificha kwenye kiganja cha mtoto. Kwa bei ya Agosti 2025 ni zaidi ya shilingi milioni 8, ambazo mimi nazipata kwa miezi 30. Tunajua dhahabu haitoki bure, kuna mitambo, kuna umeme, kuna mrabaha wa asilimia 6. Lakini gharama hazijapanda kama bei ilivyopanda, na katika kupanda huko, hadi Agosti 2025, kima cha chini hakijasogea hata shilingi moja. Kabla ya hapo, kutoka amri ya 2013 hadi ya 2022, kilitoka 400,000 hadi 500,000. Miaka tisa kwa nyongeza ya laki moja, na bei ya unga haikutusubiri.

Mwaka 2017 Bunge lilibadili sheria za madini. Mrabaha wa dhahabu ukatoka asilimia 4 hadi 6, Serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Tulikuwa shuleni, na walimu wetu walisimamisha somo kutueleza. Nchi ilisema sehemu yetu haitoshi, ikadai, na ikapata. Sisi tunasema maneno hayohayo kutoka chini zaidi.

Mwaka huu pia, siku ya Mei Mosi kule Singida, Mheshimiwa Rais alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Tuliwapigia makofi walimu na wauguzi, na wengine ni dada zetu. Upande wetu bado tunasubiri.

Kusubiri kunatuuma kwa sababu migodi haisubiri. Golden Pride ya Nzega ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, ikafungwa baada ya miaka isiyozidi 15. Tulawaka imefungwa. Buzwagi, hapa hapa Kahama, ilifunguliwa 2009 na kufikia 2021 ilikuwa imefunga. Tuliona vyumba vya kupanga vikibandikwa matangazo milango yote ya mtaa. Mgodi unaoishi miaka 12 ukimzungusha kijana kwenye mikataba ya miezi sita, unafungwa yeye angali msaidizi asiye na uzoefu. Na migodi mingine inakuja, Nyanzaga ya Sengerema ikiwemo. Watahitaji mafundi. Watauliza uzoefu, nasi tutatoa karatasi nne zinazosema hakuna.

Yapo pia madogo yanayodhalilisha. Buti nililolipia nimeshalitaja. Sheria ya usalama na afya kazini inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, asivikate kwenye mshahara wa mtu. Zamu ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 kisheria, na kwenye hati tisa kati ya hati 34 tulizopanga mkekani haikuonekana. Halafu kuna hela ya jina. Majina ya vijana wa vijiji jirani hupitia mikononi mwa watu kabla ya kufika getini, na jina lisilosindikizwa huishia njiani. Baba wa mwenzetu mmoja aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe aingie orodhani. Mtoto alipata mkataba wa miezi mitatu. Mshahara wake wote kwa miezi hiyo haukutosha kurudisha ng'ombe mmoja, na mzee hajawahi kumlaumu, jambo ambalo kijana anasema ndilo linalomnyima usingizi.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa Waziri, madai yetu ni haya.

Bodi ya Mishahara ipendekeze, nawe uagize, kwamba mtu yeyote anayefanya kazi ndani ya eneo la leseni ya uchimbaji analindwa na kima cha chini cha sekta ya madini, hata kama karatasi yake imeandikwa na kampuni ya ulinzi, chakula, usafi au usambazaji wa vibarua. Hili ndilo dai letu la kwanza, na tukipewa moja tu tutachagua hili. Kwa 500,000 ya amri ya 2022, baada ya NSSF na kodi, kijana angebaki na 435,600. Tumepiga hesabu kwa senti: hiyo inalipa chumba, inalisha, inapeleka kitu nyumbani, na inaondoa kausha damu kwenye maisha yetu. Kisha kima chenyewe kipandishwe. Tukitumia asilimia 35.1 ileile ya watumishi wa umma, kinafika 675,500, na hatuoni sababu ya dhahabu kushindwa kulipa ambacho bajeti ya Serikali imeweza.

Miezi ihesabiwe. Aliyefanya kazi eneo lilelile, kwa kazi ileile, achukuliwe kuwa kazini mfululizo hata muhuri ukibadilika, na mgodi uwajibike pamoja na mkandarasi kwa haki zake. Kila mkataba ukiisha, atoke na barua inayotaja kazi alizofanya na muda wake. Barua haimgharimu mwajiri chochote, na sisi hatuna mali nyingine zaidi ya hiyo.

Baada ya miezi 12, msaidizi apewe nafasi ya kupimwa ujuzi na VETA, na akifaulu cheo na mshahara vibadilike. Gharama zitoke kwenye mipango ya migodi ya wajibu kwa jamii, ambayo halmashauri huidhinisha kila mwaka. Tunashukuru kwa madarasa na madawati, sisi wenyewe tumeyakalia. Sasa tumekua.

Mikataba ya zabuni ionyeshe bayana fungu la mishahara, na bei yoyote iliyo chini ya kima cha sekta ikataliwe mezani. Mikataba ya hali bora inayofungwa kati ya vyama vya wafanyakazi na migodi itufikie na sisi. Fedha za buti zirudishwe, na nyongeza ya usiku ilipwe pamoja na malimbikizo. Nafasi za kazi na majina ya waliochaguliwa vibandikwe ofisi ya kijiji, wazi, kila mtu asome. Na mwajiriwa mpya anayeomba apewe nusu ya mshahara wa kwanza siku anayoanza, ili akalipe chumba.

Tumetaja hati 34. Nakala zake tumeziambatanisha, majina yakiwa yamezibwa, kwa sababu wengi wetu mikataba yao inaisha kati ya Septemba na Oktoba na hawajui kama watapigiwa simu. Wangu unaisha tarehe 19 Septemba. Tunaomba Afisa Kazi aje kabla ya hapo, afike getini saa kumi na moja alfajiri bila taarifa, asimame gari la zamu linaposhusha watu, na amuulize kila anayeshuka mambo mawili: umekaa humu muda gani, na karatasi yako inasemaje.

Tunawasilisha.

Wajumbe saba, kwa niaba ya vijana 34